Wimbo Umepotelea Wapi Njiani?

Haya ni mazungumzo yetu ya vyombo vya nyumbani, vile tunavyovitumia kila siku na vile vinavyotusumbua kila siku. Kama uko jikoni, endelea kupika, ila sogeza redio karibu kidogo. Kama uko mbele ya kompyuta, vizuri zaidi, maana leo kompyuta ndiyo tutakayoihangaikia.

Nimepata barua ya kijana mmoja wa Tanga. Ananiamkia kwa heshima, nami namwitikia hapa hapa hewani: marahaba, mwanangu. Anasema amedunduliza kwa miezi kadhaa hadi akanunua hedifoni nzuri na kisanduku kidogo cha kugeuza sauti, kile ambacho wenyewe hukiita DAC, kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Akanunua na albamu mbili za ubora wa juu, za biti 24 na kilohezi 96. Akafungua programu yake ya kucheza muziki, akafumba macho, akangoja. Hakusikia kitu kipya. Wimbo ni ule ule aliouzoea, tena kila baada ya muda unakwaruza. Anauliza kama ameuziwa feki.

Jibu langu la kwanza, mwanangu, ni hili: usirudishe kitu dukani bado. Na nyinyi nyote mnaonisikiliza, msinunue kingine bado. Sauti ina safari yake. Inatoka kwenye faili, inapita kwenye programu ya kuchezea, inaingia kwenye mfumo endeshi wa kompyuta, inashuka kwenye waya, inafika kwenye kisanduku, ndipo inapokwenda kwenye hedifoni. Vituo sita. Wimbo unaweza kuharibika katika kituo chochote kati ya hivyo, na mara nyingi unaharibikia pale ambapo hukulipia hata senti. Kwa hiyo fuata safari, kituo kwa kituo. Nitalirudia hilo jioni yote ya leo.

Lakini kwanza tuelewane hizi namba ni za nini, maana watu wanauziwa namba bila kuelezwa. Fikiria mvuvi aliyesimika mti ufukweni ili ajue maji yanavyojaa na kupwa. Mti ameutia alama. Kila baada ya muda anakwenda kuutazama, anaandika maji yamefika alama gani. Anautazama mara ngapi? Hiyo ndiyo kilohezi. Alama zake zimekaribiana kiasi gani? Hizo ndizo biti. CD, ambayo kampuni za Sony na Philips ziliiingiza sokoni mwaka 1982, inautazama mti huo mara 44,100 kila sekunde, kwa alama za biti 16. Faili ya kijana wetu inautazama mara 96,000 kila sekunde, na alama zake za biti 24 zimekaribiana mno kuliko zile za kwanza.

Sasa nikuulize. Mvuvi akiutazama mti wake kila saa, hatajua bahari inajaa lini na kupwa lini? Atajua, tena barabara. Na akienda kuutazama kila dakika, bahari itaongeza maji? Haitaongeza. Atakachopata zaidi ni vile viwimbi vya haraka vinavyopita kati ya saa na saa. Sikio la kijana mzima linasikia mitetemo mpaka karibu kilohezi 20, na kadiri tunavyokula chumvi ndivyo linavyopungua. CD, kwa kuwa kila mtetemo unahitaji kutazamwa angalau mara mbili, inafika hapo na kupapita kidogo. Nalisema mapema ili ujue unachotafuta ni kitu chembamba, na kitu chembamba kinapotea kirahisi njiani.

Haya, tuingie njiani. Naanza na kituo cha tatu, mfumo endeshi, kwa sababu huko ndiko ninakokuta tatizo mara nyingi kuliko kwingine kote.

Ndani ya Windows kuna miksa. Kazi yake ni njema: inachukua sauti ya kivinjari, mlio wa ujumbe ulioingia na muziki wako, inavichanganya viwe mkondo mmoja, kisha inaupeleka kwenye spika. Lakini haiwezi kuchanganya mikondo yenye vipimo tofauti. Ni kama ghala lenye kipimo kimoja tu, pishi. Wewe umeleta mahindi umeyapima kwa kilo. Mwenye ghala hana habari na kilo zako. Anayamwaga kwenye jamvi, anayapima upya kwa pishi. Basi miksa hiyo mara nyingi imewekwa kwenye kilohezi 48. Wimbo wako wa 96 ukifika pale unapimwa upya kuwa 48. Wimbo wa CD, ule wa 44.1, nao unapimwa upya kuwa 48. Hutapewa onyo lolote. Programu ya muziki itakuandikia pale chini kwamba wimbo ni wa 96, na kweli, faili ni ya 96. Ila kinachotoka kwenye waya ni 48.

Utajuaje? Tazama kisanduku chako. Vingi vina taa inayobadilika rangi kulingana na kilohezi, vingine vina kioo kidogo kinachoandika namba. Kijitabu kilichokuja nacho kinaeleza rangi ipi ni namba ipi. Cheza wimbo wa 96, tazama taa. Cheza wimbo wa CD, tazama tena. Kama taa haibadiliki, rangi ni ile ile kwa nyimbo zote, basi miksa inapima upya. Nirudie, maana hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na hakihitaji sikio la fundi: nyimbo mbili za vipimo tofauti, na macho kwenye taa.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kipimo cha miksa yenyewe. Fungua mipangilio ya sauti ya Windows, chagua kisanduku chako, ingia kwenye sifa zake, kwenye kichupo kilichoandikwa Advanced. Utakuta orodha ya vipimo. Chagua biti 24 na kilohezi 96. Sasa nyimbo za 96 hazitapunguzwa tena, ila zile za CD zitapimwa upya kuwa 96. Si vibaya sana. Na niwe mkweli kwenu: Windows za siku hizi zinapima upya kwa ustadi, na wengi wetu hatungetambua. Kinachoharibu muziki kweli kweli ni kingine kilicho jirani hapo hapo, yale yanayoitwa maboresho ya sauti: ya kuongeza besi, ya kulinganisha sauti kubwa na ndogo, ya kuigiza ukumbi. Hayo yazime yote. Nimewahi kusikiliza qanuni ikiwa imepitia maboresho hayo, na nyuzi zake zilikuwa zinalia kama bati.

Dawa ya pili, ninayoipenda mimi, ni kuikwepa miksa kabisa. Programu ya muziki inaiambia Windows: nipe kisanduku hiki peke yangu, wengine wote wasubiri. Njia hiyo huitwa WASAPI ya kipekee. Nichukue mfano wa foobar2000, programu ya bure ambayo Peter Pawlowski aliitoa mwaka 2002 na mpaka leo inapendwa na wasikilizaji wengi makini. Katika matoleo yake ya karibuni, ukifungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti utaona kisanduku chako kimetajwa mara mbili, na mara moja kina neno exclusive pembeni. Chagua hicho. Taa ya kisanduku itaanza kubadilika wimbo hadi wimbo. Na usishtuke ukikuta video za kwenye kivinjari zimekuwa bubu: hiyo ndiyo maana ya upekee.

Hapa ndipo wengine wanakutana na kimya. Wanachagua njia ya kipekee, wanabonyeza kucheza, na programu inakataa: muundo huu haukubaliki. Wanadhani faili ni mbovu. Si mbovu. Miksa ilikuwa mkalimani; umemtoa, sasa programu na kisanduku vinazungumza ana kwa ana, na lazima vielewane neno kwa neno. Visanduku vingine vinapokea biti 24 tu, hata kama wimbo ni wa biti 16. Vingine vinataka 32. Vingine vinaishia kilohezi 96, ukivipa wimbo wa 192 vinanyamaza. Kwenye mipangilio ya kutolea sauti ya foobar2000 kuna mahali pa kuchagua biti; jaribu 16, jaribu 24, jaribu 32, mpaka moja ikubali. Kuongeza biti hakudhuru wimbo, ni sawa na kuongeza sufuri mwishoni mwa desimali. Ikiwa bado inakataa, angalia kama kuna programu nyingine imekishika kisanduku hicho kwanza. Funga kivinjari, jaribu tena. Halafu rudi kwenye kile kichupo cha Advanced uhakikishe vile viboksi viwili vya ruhusa ya upekee vimetiwa tiki.

Kwa wenye kompyuta za mtumba zenye Windows ya zamani: Windows 10 ndiyo iliyokuja kupokea yenyewe aina ya pili ya sauti ya USB, ile inayobeba vipimo vikubwa, katika toleo la mwaka 2017. Kabla ya hapo kisanduku cha kilohezi 192 kilihitaji draiva ya mtengenezaji. Itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, usiipakue popote pengine.

Wenye Mac, maneno machache. Kuna programu iliyokuja na kompyuta inaitwa Audio MIDI Setup. Humo ndimo unamoweka kilohezi kwa mkono. Programu ya Apple Music haikubadilishii yenyewe kila wimbo unapobadilika. Wengi wanadhani inabadilisha.

Sasa kukwaruza. Kijana wetu anasema kila baada ya muda wimbo unakwaruza. Hili nalijua kwa maumivu. Mimi mwenyewe mwaka fulani nilipoteza majuma mawili kwa mikwaruzo ya namna hiyo. Niliilaumu faili, nikaipakua tena. Nikalilaumu duka lililoniuzia kisanduku, nikaenda kukirudisha, na muuzaji akanibadilishia bila neno. Kipya nacho kikakwaruza. Mwisho nikainama chini ya meza. Kisanduku changu kilikuwa hakijachomekwa kwenye kompyuta moja kwa moja. Kilipitia kile kifaa cha kugawa tundu moja la USB kuwa manne, na kwenye matundu mengine kulikuwa na diski ya nje inayonakili picha na chaja ya simu. Nikakichomoa, nikakichomeka kwenye tundu la kompyuta lenyewe. Kimya safi. Duka lile nililaumu bure, na nilirudi kuwaambia hivyo.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria simtanki juu ya paa. Maji ya mtaani yanakuja na kukatika, lakini bomba la jikoni halijui, kwa sababu tanki lina akiba. Kompyuta nayo ina tanki la sauti, wanaliita bafa. Kompyuta inapoitwa na kazi nyingine, inaacha kulijaza kwa muda mfupi mno, na wewe huna habari mradi akiba ipo. Tanki likiwa dogo, bomba linakohoa. Mkohoo huo ndio mkwaruzo unaousikia. Na wimbo wa ubora wa juu ni bomba lililofunguliwa zaidi: wimbo wa biti 24 na kilohezi 192 unamimina zaidi ya mara 6 ya wimbo wa CD. Ndiyo maana nyimbo zako za zamani zilipita salama na hizi mpya zinakohoa.

Basi ongeza ukubwa wa bafa kwenye programu yako. Mwanamuziki anayerekodi anataka bafa ndogo ili asikie kinanda papo hapo anapokigusa, lakini wewe unasikiliza tu; wimbo ukianza nusu sekunde baadaye, umepungukiwa nini? Chomeka kisanduku moja kwa moja kwenye kompyuta, tena jaribu tundu la upande wa pili. Kama wimbo uko kwenye flashi au unapitia Wi-Fi kutoka kompyuta nyingine, unakili kwenye diski ya ndani kisha ujaribu. Kwenye kompyuta ya mkononi, zima ile tabia ya kuokoa umeme inayolaza matundu ya USB. Na fanya jambo moja kwa wakati mmoja! Ukibadilisha manne kwa mpigo, mkwaruzo ukiisha hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kama sauti haikwaruzi bali inavuma, mvumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta ya mkononi, itumie betri. Mvumo umekoma? Basi muziki wako hauna kosa, ni umeme. Tafuta soketi yenye ardhi ya kweli, na chomeka kompyuta na amplifaya mahali pamoja. Ila nakuomba kwa moyo wangu wote, usikate pini ya ardhi ya kifaa chochote ili kuua mvumo. Pini ile ipo ili wewe usife.

Na kama kinachotoka ni mvumo wa mvuke mtupu, shhh, bila wimbo, huenda unacheza faili za DSD, zile za ukoo wa diski za SACD zilizoanza mwaka 1999. Faili hizo mara nyingi husafiri zikiwa zimevaa nguo za faili ya kawaida, na kitu chochote kinachozigusa njiani, hata kupunguza sauti kwenye programu, kinaziharibu. Punguza hedifoni kwanza, kisha hakikisha unatumia njia ya kipekee na sauti ya programu iko juu kabisa.

Tumetoka njiani, sasa turudi mwanzo wa njia, kwenye faili. Kijana aliuliza kama ameuziwa feki. Inawezekana. Maji ya lita moja ukiyamimina kwenye pipa hayawi pipa la maji. Mtu anaweza kuchukua wimbo wa MP3 akauweka ndani ya faili ya FLAC, muundo usiotupa sauti, ya kilohezi 96, na faili ikanenepa kweli, na programu ikaandika 96 bila kusita. Lakini sauti iliyotupwa wakati wa kutengeneza MP3 hairudi. Programu za bure kama Spek na Audacity zinakuchorea picha ya wimbo, sauti nzito chini na nyembamba juu. Wimbo uliotoka MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida unakatika karibu na kilohezi 16, kama ukuta uliopigwa pimamaji. Uliotoka CD unaishia chini kidogo ya 22. Wa 96 wa kweli unapanda zaidi na kufifia polepole.

Ila tahadharini, msiwahukumu wauzaji wote kwa picha. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake. Santuri hizo zikinakiliwa leo kwa kilohezi 96 na biti 24 ni jambo la busara, na wahifadhi wa kumbukumbu hufanya hivyo makusudi, ili hata mikwaruzo ya santuri inaswe vyema na iweze kusafishwa baadaye. Lakini sauti ambayo mashine ya mwaka 1928 haikuinasa haimo, na hakuna namba itakayoileta. Picha ikionyesha utupu huko juu, hapo hujadanganywa na mtu.

Tuseme sasa njia yote ni safi: faili ya kweli, upekee umewashwa, taa inabadilika, hakuna Bluetooth katikati, maana Bluetooth hubana wimbo upya kabla haujafika kwenye hedifoni. Je, sasa utasikia tofauti kati ya CD na ubora wa juu? Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walichapisha majaribio yao katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society: muziki wa ubora wa juu ulipopitishwa kwa siri kwenye kipimo cha CD, wasikilizaji hawakuweza kutambua katika usikilizaji wa kawaida. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya majaribio mengi ya namna hiyo, akakuta tofauti inatambulika, ndogo, na waliofundishwa nini cha kusikiliza wanaitambua zaidi. Mimi nimekaa na masikio yangu miaka mingi, na naamini kwamba albamu iliyotayarishwa vizuri studio, hata kwa kipimo cha CD, inaishinda albamu iliyopandishwa sauti kupita kiasi, hata iwe ya kipimo kikubwa. Wala usinisadiki mimi. Kuna nyongeza ya foobar2000 ya kulinganisha nyimbo mbili bila kukuambia ipi ni ipi, inaitwa ABX. Jijaribu mara 16, uone umepatia ngapi.

Sasa kijana wangu wa Tanga, sikiliza. Usiku wa leo inama chini ya meza, uone kisanduku chako kimechomekwa wapi. Kisha cheza wimbo mmoja wa albamu yako mpya, ufuatishe na mmoja wa CD zako za zamani, na utazame taa. Niandikie ni ya rangi gani kwa wimbo wa kwanza, na ya rangi gani kwa wa pili, na kama mkwaruzo ungalipo. Barua yako nitaisoma hapa wiki ijayo, saa hizi hizi. Usiku mwema.